KONA YA MWALIMU: Ule mmea wa pembeni ya bustani ni nini?

Mwezi huu nilipanga kuandika juu ya kutunza madaftari wakati wa mvua, lakini hayo yatasubiri. Kuna jambo limetokea bustanini kwetu shuleni, na nimeona kila nyumba ilisikie.

Mnaijua ile bustani ndogo nyuma ya darasa la tatu. Mvua za Novemba zilipoanza watoto walilima matuta manne, wakapanda lengalenga (wengine mnaita mchicha), nyanya chungu na matembele. Pembeni tukazungushia mawe. Sasa pale kwenye mawe, upande wa njia ya kwenda bombani, ukaota mmea ambao hakuna aliyeupanda. Mwanzo ulikuwa kitu kidogo, majani mawili matatu. Baada ya wiki chache ukafika magotini, majani mapana, umenawiri kuliko mboga zetu zote. Sisi tunamwagilia lengalenga, wenyewe ndio unakunywa!

Siku moja mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, hii ni mboga gani?" Nikajibu haraka bila hata kuinama kuuangalia: "Hiyo ni biringanya la porini." Kusema ukweli, sikujua. Nilisema tu kwa sababu mwalimu akiulizwa mbele ya darasa zima anaona aibu kusema hajui.

Kesho yake asubuhi mtoto yule akanifuata kabla ya kengele. "Mwalimu, mama anakusalimia. Anauliza ile biringanya ya porini, majani yake yanalika? Nyumbani mboga hakuna, anataka kuja kuchuma."

Jamani, nilistuka. Neno nililolitupa ovyo limeshafika jikoni kwa watu. Nikamwambia, "Nenda umwambie mama asichume hata jani moja. Mwambie mwalimu bado hajaujua ule mmea." Mbele ya wenzake nikarudia: nilisema jana, lakini sikuwa na uhakika. Watoto walicheka kidogo, kisha yakaisha.

Tukaanza kuuliza

Nikaamua tuufanye kuwa somo. Sheria zilikuwa mbili: hakuna kuonja, na hakuna kushika kwa mkono mtupu. Kila mmoja aangalie, achore, aulize wakubwa nyumbani.

Majibu yakaja mengi. Mzee mmoja, mkulima wa siku nyingi, alisema ni nyanya chungu iliyojiotea. Mama mmoja akasema ni mnavu, kwao wanaupika na karanga. Mwingine akasema ni tumbaku. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema biringanya. Watu wanne, majina manne.

Baadaye nimekuja kujua kwamba sote hatukuwa mbali sana. Biringanya, nyanya, nyanya chungu, mnavu, pilipili, viazi mviringo na tumbaku ni ukoo mmoja wa mimea, na ule mgeni wetu ni wa ukoo huo huo. Ndiyo maana majani yanafanana. Lakini ndugu wa tumbo moja wanaweza kufanana sura na tabia zikawa mbalimbali. Mmoja anakulisha, mwingine anakuua.

Aliyetufungua macho ni bibi mmoja aliyetoka upande wa Fizi. Anapita pale kila siku na ndoo yake. Akasimama, akatua ndoo, akachukua kijiti akaponda jani moja chini, akaniambia ninuse. Harufu ilikuwa mbaya, nzito, ya kuchukiza. Akasema, "Mwanangu, ulishaona mbuzi anakula hii? Mbuzi wanapita hapa asubuhi na jioni, wanakula mpaka makaratasi. Hii wanaiacha." Akaitaja kwa Kibembe, jina likanishinda kuandika. Kisha akasema, "Ngoja utoe ua. Njoo uangalie jioni, siyo mchana."

Kweli, mchana tulikuwa tunaona vitu virefu vimejikunja tu. Jioni moja nilipokwenda kuchota maji nikalikuta ua limefunguka: jeupe, refu kama kidole, limetanuka mdomoni kama tarumbeta. Na chini yake, palipokuwa na ua la kwanza, pameshatokea tunda la kijani lenye ukubwa kama yai dogo, limejaa miiba.

Nikachora kila kitu, nikampelekea mhudumu wa afya wa jamii, mwenyeji wa hapa Tanzania. Akaangalia mchoro, akaja akauona mmea wenyewe, akasema, "Huu ni mnanaha."

Mimi nikasikia mnanaa. Nikafurahi, nikamwambia, "Kumbe ni ule wa kutia kwenye chai?" Akashika kichwa. "Mwalimu, mnanaa ni wa chai. Mnanaha, wenye hache, ni sumu."

Basi watoto, mnaponiuliza kwa nini nawakata alama kwa herufi moja, jibu ndilo hilo.

Mnanaha ni mmea gani?

Asili yake ni bara la Amerika, lakini siku hizi umeenea karibu dunia nzima. Hupenda mahali palipochimbwa au penye mbolea: pembeni ya bustani, kando ya mashimo ya taka, karibu na mazizi, mashambani katikati ya mahindi na maharage. Kambi yetu mahali kama hapo ni pengi.

Unafika urefu wa mita 1 hata na nusu. Shina linagawanyika matawi mawili mawili. Jani ni pana, kingo zake zina meno makubwa yasiyo sawa. Ua ni jeupe, mara nyingine na rangi ya zambarau, linafunguka jioni. Tunda lina miiba. Likikauka linapasuka pande nne na kumwaga mbegu mia kadhaa, bapa, nyeusi au za kahawia.

Msiuchanganye na hizi:

Mnavu: ua lake ni dogo kama nyota, jeupe, katikati njano. Tunda ni la mviringo, dogo, halina miiba.

Lengalenga: haina ua kubwa. Inatoa kitu kama mkia chenye mbegu ndogo ndogo sana zinazong'aa.

Mbarika (nyonyo): nao tunda lake lina miiba, lakini jani limechanika kama kiganja cha mkono chenye vidole, na tunda lina vyumba vitatu. Huu nao mbegu zake ni sumu, kwa hiyo usiseme "afadhali ni mbarika".

Madhara yake

Mmea mzima una sumu: mzizi, shina, jani, ua, na mbegu zaidi. Kuchemsha hakuiondoi. Mama asidhani kwamba akimwaga maji ya kwanza mboga imekuwa salama. Utomvu wake ukiingia jichoni, mboni inapanuka na mtu haoni vizuri.

Aliyekula, dalili huanza mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja, au baadaye kidogo. Mdomo unakauka, kiu kali. Mboni za macho zinakuwa kubwa, mwanga unamuumiza. Ngozi inakuwa ya moto na kavu, moyo unakwenda mbio, mkojo unagoma. Kisha anaanza kuweweseka: anaongea na watu ambao hawapo, anashika vitu hewani, anapiga kelele, hamtambui mama yake. Hali hiyo inaweza kuendelea siku moja hata mbili. Akila nyingi anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Sasa wazazi, hapa nawaomba msome polepole. Mtoto akianza ghafla kuongea na hewa, wengi wetu tunafikiria nini? Mapepo. Amerogwa na jirani. Tunaita watu wa kuomba, usiku mzima, na kesho yake jirani wawili hawasalimiani. Mimi sikatazi mtu kuomba. Ombeni mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Mtoto yule huenda alichezea tu tunda la miiba, akalipasua, akala mbegu akidhani ni ufuta.

Na si hadithi za mbali. Mwaka 2019, huko Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada. Uchunguzi ulikuta sumu za mnanaha ndani ya unga ule. Magugu haya yakiota shambani katikati ya soya na kuvunwa pamoja, mbegu zinaingia kwenye gunia. Ndiyo maana bibi zetu walitufundisha kupepeta na kuchambua maharage kabla ya kuweka chunguni. Tusiache kazi hiyo eti kwa sababu chakula kimekuja kwenye gunia zuri. Ukiona mbegu ngeni nyeusi bapa, ziondoe. Na unga ukiwafanya watu wa nyumba moja waugue pamoja, acheni kuutumia na mtoe taarifa siku hiyo hiyo.

Neno moja zaidi. Wapo wanaosema majani yake yakivutwa kama sigara yanasaidia pumu. Ni kweli zamani watu walifanya hivyo, hata Ulaya. Na hospitali wanayo dawa iitwayo atropini, inayotokana na sumu za mimea ya aina hii. Lakini dawa ile imepimwa. Jani la pembeni ya choo halijapimwa na mtu. Moja lina sumu kidogo, jirani yake nyingi. Usijaribu.

Mtu akila, tufanye nini?

1. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama bado anacheka na kutembea.
2. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe dawa za kienyeji.
3. Toa mabaki mdomoni, mnawishe mikono na uso.
4. Chukua kipande cha mmea ndani ya mfuko, umwonyeshe daktari. Hicho kitamsaidia kujua kuliko maneno yetu.
5. Mtu mzima amshike njiani, kwa kuwa anaweza kukimbia au kuanguka.

Kuung'oa

Ung'oe mapema kabla tunda halijakauka, maana mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi sana na bado zinaota. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Matunda yatupe kwenye shimo la choo. Usichome moto karibu na jiko, na usiwape watoto kazi hiyo. Ukimaliza nawa kwa sabuni. Sisi wa shuleni tuliung'oa watu wazima wawili, watoto wakiangalia kwa mbali, na kila wiki tunakagua kama kuna machipukizi.

Maswali ya kuuliza mmea usioujua

Haya ndiyo tuliyoyaandika ubaoni. Yakateni muyabandike ukutani.

1. Nani aliupanda? Kama hakuna, ni mgeni, usimwamini bado.
2. Majani yamekaaje kwenye shina, na kingo zake zikoje?
3. Ukivunjika unatoa utomvu? Wa rangi gani? (Manyara ya uzio hutoa maziwa yanayoweza kupofusha jicho.)
4. Ua likoje, na linafunguka saa ngapi?
5. Tunda na mbegu zikoje? (Mbono kaburi nazo tunazipanda uzio, mbegu zake zina ladha nzuri lakini ni sumu. Waambieni watoto.)
6. Wazee wa sehemu mbalimbali wanasemaje? Usiulize mmoja. Uliza watatu, na kama hawakubaliani, usile.

Jibu la mwisho likibaki "sijui", basi mmea haupikwi. Wala msidanganyike kwamba kinacholiwa na ndege au wadudu kinafaa kwa mtu.

Tulivyomaliza

Jioni ile ya kuung'oa nilikwenda hadi kwa yule mama aliyetuma salamu. Nilibeba fungu la lengalenga. Watoto wenyewe ndio waliokubaliana tuchume tuta la kwanza kwa ajili yake. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilimdanganya mtoto wako kwa kuwa niliona haya kusema sijui." Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, siku ile maji yalikuwa yameshachemka. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Sikulala vizuri usiku ule.

Kazi ya mwezi huu ni ya familia nzima. Jumamosi moja, zungukeni nyumba yenu pamoja na watoto, pembeni ya bustani, nyuma ya choo na kwenye uzio. Mmea usiojulikana mchoreni kwenye karatasi na watoto wauletee shuleni mchoro, mchoro tu, siyo mmea. Na majina andikeni kwa lugha zote mlizonazo nyumbani: Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kiswahili. Bibi wa Fizi amekubali kuja kutusaidia kuyasoma.

Tukutane toleo lijalo. Mungu akipenda tutarudi kwenye madaftari.

Wenu,
Mwalimu wa kujitolea