Usimalizie bumu kwenye kioo

Wadau, juzi tulivuka na feri hadi Kamanga na darubini yangu ya kioo, inchi 6. Zohali ikaonekana kama uji uliomwagika! Washkaji wakaanza: "Umepigwa, bumu likitoka nunua inchi 8." Hapana jamani. Kioo kilihama tu kwa mtikisiko wa safari. Nikaivuruga nyota moja makusudi ikawa viduara, nikazungusha skrubu 3 za nyuma kidogo kidogo, hadi viduara vikashika kitovu kimoja. Kurudi Zohali, pete hizo!

Mimi nasema kioo kidogo kilichonyooshwa kinashinda kikubwa kilichokaa upande. Na kwa picha, bumu lipeleke kwenye stendi inayofuata nyota, maana dunia inazunguka, haikusubiri. Haya, anayebisha aje.