Walio nyuma ya ngoma ya Kihesa

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa, upande ule wa mji kiliko Chuo Kikuu cha Iringa. Wengi wa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawajafika huko, na pengine watauliza gazeti la visiwani linatafuta nini katika milima ya Kusini. Tunawaomba wavumilie kidogo. Habari tunayotaka kuisema ni ya Kihesa, lakini ni ya Makunduchi na Wete vile vile, na inawahusu zaidi wale ndugu zetu wakuu wa idara wenye kalamu ya kupitisha mafungu ya fedha.

Mwaka jana baadhi yetu tulikuwa na safari ya kikazi Iringa. Jua linapokuchwa upepo wa huko huwa baridi hata mtu wa pwani akatamani blanketi. Nyuma ya nyumba moja Kihesa tulikuta vijana wapatao ishirini, wavulana kwa wasichana, wakifundishwa ngoma na kuimba, na pembeni yao kikundi kidogo kikijifunza kusuka vikapu vya milulu. Mwalimu wa ngoma ni fundi mwashi. Mchana hujenga nyumba za watu; jioni hunawa saruji mikononi na kuanza kazi ya pili. Ngozi za ngoma huzinunua kwa mchinjaji kwa fedha zake mwenyewe. Mwalimu wa ususi ni bibi mwenye wajukuu wawili miongoni mwa wanafunzi. Hapo nyuma palikuwa na mradi, nao ukaisha. Bango lake la bati sasa ndilo paa la kibanda cha kuwekea ngoma. Tulipomwuliza fundi analipwa na nani alicheka, akasema wakati wa mavuno wazazi humletea mahindi.

Kwa maoni yetu, uhai wa mafunzo ya namna hii umo mikononi mwa watu wawili watatu wa mtaani ambao majina yao hayamo katika daftari lolote la Serikali. Mradi huandikwa kwa miaka mitatu. Wao hufundisha hata baada ya kalenda ya mradi kutupwa. Kuwaacha waendelee kuishi kwa mahindi ya wazazi, huku sisi tukisimama majukwaani na kujisifu kwa utamaduni wetu, ni dhuluma, na katika dhuluma hiyo sisi makada wa Chama tuna sehemu yetu.

Nani kati yetu aliyewahi kukaa katika kamati ya mapokezi asiyeyajua mambo haya? Kikundi hupakiwa katika lori alfajiri. Vijana hupiga ngoma juani tangu saa mbili, na mgeni rasmi hufika saa saba. Hotuba zikimalizika wakubwa huelekea kwenye pilau, watoto wa ngoma hugawiwa soda moja moja, na juu ya nauli ya kurudi huambiwa kwamba inashughulikiwa. Mwalimu wao hatambulishwi hata kwa kuinua mkono. Tumelifanya jambo hili sisi wenyewe, zaidi ya mara moja, na tunalisema ili lisichukuliwe kuwa ni lawama kwa watu wengine.

Sisi tunaoandika safu hii tulipita chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali. Maalim wetu hakuwa na cheti cha Wizara. Alikuwa na mkeka, juzuu zilizochakaa na sauti iliyofika mtaa wa pili. Kila Alkhamisi mtoto alikwenda na sarafu zake, na mzazi asiyekuwa nazo alipeleka muhogo au samaki, na paa la chuo likivuja watu wa mtaa walikwenda kuezeka. Hapana aliyethubutu kumwita maalim mtu wa kujitolea. Mtaa mzima ulijua kwamba una deni kwake. Fundi wa Kihesa ameyapata mahindi, lakini heshima ile ya kudaiwa haijamfikia, na hasa haijafika maofisini.

Zamani Serikali yetu iliwahi kulifahamu jambo hili. Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika mwezi wa Disemba 1962, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaviweka vitu hivyo viwili chini ya paa moja. Katika miaka hiyo ya 1960 Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma, aliitwa kujiunga na kikundi cha ngoma cha Taifa, na baada ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981 yeye akawa mmoja wa walimu wake. Kilichompeleka mbele ya wanafunzi ni ilimba na zeze. Muziki wake ulisikika katika kumbi kubwa za Ulaya, na alipofariki mwaka 2003 aliacha wanafunzi na jamaa wanaoipiga ilimba mpaka leo. Tunajiuliza kama mtu wa namna yake, akija leo katika dirisha la ajira akiwa na zeze lake begani, angevuka hata meza ya kwanza.

Iringa hiyo hiyo ina mfano mwingine, nao hauko mbali na Kihesa. Mwaka 2003 Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, alianza chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kuwafundisha vijana watatu viziwi kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kazi ile iliitwa Neema Crafts. Kutoka kwa wale watatu, waliofunzwa na kufanya kazi hapo wakapita mia moja, viziwi na wenye ulemavu mwingine, wakifuma, wakishona na kutengeneza vitu vya mapambo. Mtu aliyekuwa akifichwa nyumbani kama aibu ya ukoo amekuwa ndiye anayemwonyesha mwenzake namna ya kushika kitambi cha nyuzi. Sifa za mwanzilishi zimeandikwa, na anazistahiki. Lakini mgeni hawezi kufundisha vijana mia peke yake. Mafunzo yaliendelea kwa sababu wa kwanza waliwafundisha wa pili, na wa pili wakawafundisha wa tatu, na hao sifa zao haziandikwi.

Na hapa kwetu? Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza kazi mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, Mji Mkongwe. Mtoto wa Ng'ambo ambaye babake hakupata kugusa kanuni alikaa akafundishwa kanuni, udi na fidla na watu waliokulia katika taarab. Mwaka 2019 chuo hicho kilikaribia kufungwa kwa sababu fedha za wafadhili wa nje zilikatika. Wasomaji wanakumbuka vilio vya wakati ule, kwamba taarab inakufa. Ilikuwa sahihi kulia. Ila ni vigumu kueleza kwa nini nchi inayoiuza taarab kwa kila mtalii anayeshuka uwanja wa ndege iwe imeuacha mshahara wa mwalimu wa udi utegemee bajeti ya ubalozi.

Tunayataja haya sasa kwa sababu wakati ni mwafaka. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari za Bara, na utekelezaji wake ulianza Januari 2024. Sanaa na muziki zimo. Walimu watatoka wapi? Vyuo vikuu havitatoa wa kutosha kwa miaka mingi, na wale watakaotoka wengi watajua kusoma nota kabla ya kujua kukaza ngozi ya ngoma. Fundi wa Kihesa yupo tayari, mwendo wa dakika chache kutoka skuli. VETA kwa muda mrefu imekuwa ikiwapima waashi, maseremala na wapishi waliojifunza kazi mtaani, na kuwapa vyeti. Fundi wetu, kwa hiyo, anaweza kupimwa akapewa cheti cha uashi. Cha ngoma hapana wa kumpima. Tunaitaka VETA ifungue mlango huo kwa wapiga ngoma, wapiga zeze na wasusi, na tunaiomba Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ya Zanzibar isingoje kuigiza baadaye.

Tunajua tutaambiwa kwamba iko mikopo ya halmashauri. Ni kweli, sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri za Bara zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ikasimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Ni mpango mzuri kwa mfuga kuku, kwa sababu mkopo hurudishwa. Anayefundisha watoto ngoma hana mayai ya kuuza mwisho wa mwezi. Huyo anahitaji posho ndogo iliyoandikwa katika bajeti, yenye jina lake na saini yake, kama anavyoandikwa mlinzi wa ofisi.

Wakati halmashauri zikilijadili hilo, liko jambo lisilohitaji hata shilingi ya ziada. Madarasa ya skuli za msingi hukaa matupu kuanzia alasiri. Waheshimiwa madiwani wa Iringa wanaweza kuamuru ufunguo wa darasa moja utolewe jioni, na taa isizimwe. Fundi yule hakutuomba zaidi ya hayo. Alituambia kwamba mvua za Disemba zikianza uwanja wake hugeuka matope, na vijana hawakusanyiki tena vizuri hadi Aprili.