GOLI MOJA MILIONI TANO, MTOTO WA SONGEA SHILINGI MIA TANO!

Ndugu msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu. Ni hesabu ya darasa la nne tu, hata kama ulimaliza kwa kubahatisha utaiweza.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibakizwa huko juu kwa ajili ya vitabu. Za kuteremka hadi shuleni zikawa 6,000. Gawanya kwa miezi 12. Umepata ngapi? Shilingi 500 kwa mwezi! Kwa mia tano hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, anunue karatasi, achapishe mitihani, azibe paa linalovuja, na Mungu akipenda anunue na mpira.

Sasa geuza ukurasa. Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kila goli litakalofungwa na Simba au Yanga katika mashindano ya klabu za Afrika litalipiwa shilingi 5,000,000. Likaitwa "Goli la Mama". Gawanya 5,000,000 kwa 6,000. Jibu ni 833. Yaani goli moja tu ni sawa na ruzuku ya mwaka mzima ya shule yenye watoto 833!

Usinielewe vibaya. Mimi ni mpenzi wa soka kama wewe, na sina ugomvi na mchezaji aliyelipwa jasho lake. Ugomvi wangu ni na wakubwa wanaomwagilia matawi mbele ya kamera wakati mizizi inakauka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawa wetu wanangoja akauke, kisha wanamlipa fedha ili akunjike!

Watakwambia michezo ipo shuleni. Kweli ipo, kwenye karatasi. Katika shule ya msingi niliyosoma mimi, kipindi kiliandikwa kwenye ratiba "Haiba na Michezo". Tulichofanya ni kufyeka nyasi, kuchota maji na kumwagilia maua ya ofisini. Na kwa kuwa somo hilo halikuwemo kwenye mtihani wa darasa la saba, siku ambazo hatukufyeka kipindi kililiwa na Hisabati. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umeleta somo la "Sanaa na Michezo". Jina jipya, hongera! Lakini jina halirushwi wala halipigwi danadana. Uwanja uko wapi? Mpira uko wapi? Mwalimu aliyesomea kazi hiyo yuko wapi?

Watakutajia UMITASHUMTA. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia! UMITASHUMTA ni mashindano, siyo somo. Shule inachagua wachache wenye vipaji, wanakwenda kata, wilaya, mkoa, hatimaye taifa. Je, wale mamia waliobaki nyuma ya dirisha? Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuuchemsha mwili kila siku. Halikusema mtoto mwenye kipaji. Limesema mtoto, awe wa kike au wa kiume, mwembamba au mnene, mzima au mlemavu.

Na hata hayo mashindano, tusisahau yaliyotupata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, UMITASHUMTA na UMISSETA zilisimamishwa, zikaja kurudishwa na Serikali ya Awamu ya Nne. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati huo leo amevuka thelathini. Nafasi aliyonyang'anywa hakuna wa kumrudishia.

Matokeo unayaona. Mwaka 1980 Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha kutoka Moscow. Hadi Olimpiki ya Paris 2024 ilipofungwa, hatukuwa tumeongeza hata moja. Septemba 2025 Alphonce Simbu akatwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, nchi nzima ikashangilia. Je, baada ya Simbu nani? Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina baridi na ina miteremko ya Matogoro. Mbio zinataka kamba, chokaa na saa. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25 tu. Umaskini gani huo unaokosa chokaa?

Majimaji yetu, Wanalizombe, iliposhuka daraja mwaka 2018 tulilaumu kocha, tukalaumu waamuzi, wengine wakalaumu hata uchawi. Hakuna aliyelaumu ratiba ya shule ya msingi!

Halafu kuna Uwanja wa Majimaji. Viwanja vingi vya mikoani vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa michango na nguvu za wananchi wote. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki mali ya CCM, na wa Majimaji ni mmojawapo. Sawa, mwenye hati ameshika hati. Basi afungue geti siku mbili kwa wiki, watoto wa shule za msingi za mjini wakimbie humo bure. Au nyasi za watu wote zina kadi ya uanachama?

Na wewe kijana wa Lizaboni, Bombambili na Mfaranyaki, usijifiche nyuma yangu. Jioni tunainamia simu, tunasuka mikeka, tunabashiri miguu ya watoto wa Wazungu waliofundishwa mpira tangu wana miaka sita. Kodi ya mkeka inakwenda Hazina. Mdogo wako anacheza barabarani, anakwepa bodaboda.

Wiki hii nenda shule iliyo karibu na kwako. Hesabu mipira. Pima uwanja kwa hatua zako. Uliza eneo la shule lina hati au halina, maana lisilo na hati litaanza kwa kibanda na litaishia kwa ghorofa. Uliza kamati ya shule ruzuku ya mwaka jana ilinunua kifaa gani cha michezo. Kisha simama kwenye mkutano wa mtaa, umuulize diwani mbele ya watu: kipindi cha michezo kinafundishwa lini, na nani, kwa mpira upi?

Akikwambia fedha hakuna, mtolee karatasi ya hesabu tuliyofanya hapo juu. Mwambie kwa lugha ya heshima: "Mheshimiwa, goli moja ni watoto 833. Sisi wa kwetu wako uwanjani, wanangoja mpira."