Core i5 ya mwaka gani?

Tuelewane kwanza: sisi hatuna ugomvi na mtumba. Kagera nzima inavaa mtumba, inapanda mtumba na kulalia mtumba. Michomoko inayotubeba kutoka Muleba hadi Bukoba mjini ilizeeka Japani kabla haijatufikia, na hatunung'uniki, kwa sababu mwaka wa gari unajulikana. Umeandikwa kwenye kadi. Hata asiyejua kushika usukani atakuuliza "ya mwaka gani?" kabla hajauliza bei. Sasa nenda kaulize swali hilohilo kwenye duka la laptopu pale mjini. "Hii ni Core i5, bosi." Ya mwaka gani? "Core i5 hiyo, mashine nzito." Basi, mazungumzo yameisha.

Core i5 ya kwanza ilitoka 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa yuko sekondari. Tangu hapo vimetoka vizazi zaidi ya kumi, na kizazi kimeandikwa humohumo ndani ya mashine, mara tu baada ya hayo maneno "i5". Namba ikianza na 3, hiyo ni ya 2012. Ikianza na 6, ni ya kuanzia 2015. Ikianza na 8, ni ya kuanzia 2017. Kuisoma hakuchukui dakika moja, na muuzaji anaijua kuliko sisi. Lakini kwenye kikaratasi cha bei kilichobandikwa juu ya mfuniko huioni. Unaona "Core i5, RAM 8, SSD 256, inakaa na chaji". Hilo la kukaa na chaji tutalirudia, maana lina kesi yake.

Na wala laptopu hatuzitafuti kwa ufahari, ingawa wenzetu wa mikoa mingine wana utani wao kuhusu Mhaya na vitu vyenye majina ya Kiingereza. Nchi imehamia mtandaoni, nasi tumeitwa tuifuate huko. Kijana akitaka kazi serikalini, ni Ajira Portal. Mkopo wa chuo, mtandaoni. Seremala wa Kamachumu akiutaka mradi wa madawati, zabuni za umma tangu 2023 ziko NeST. Mwalimu naye upimaji wa kazi yake anaujaza kwenye PEPMIS. Simu inasaidia mpaka pale ukurasa unapokataa kufunguka wote, au unapotakiwa kupandisha vyeti sita, kila kimoja kikiwa na ukubwa wake maalumu.

Hadi leo mkombozi wetu ni steshenari. Kijana wa steshenari anajua paswedi zetu, namba zetu za NIDA, na matokeo ya kidato cha nne ya watoto wetu kabla yetu sisi wazazi. Si mtu mbaya, hatumsemi. Lakini siku ya mwisho ya kutuma maombi foleni inatoka hadi barabarani, na anayetoka Nshamba au Izigo amelipa nauli kwanza ndipo akalipia kurasa. Ukijumlisha nauli na kurasa za mwaka mzima, unaanza kuwaza laptopu. Ndivyo tulivyoingia kwenye shida hii.

Fedha za kahawa zikiingia, mzazi mwenye mtoto wa chuo anashuka mjini na laki tano hivi mfukoni. Kwa fedha hiyo anawekewa mbili mezani. Ya kwanza ni mpya, ndani ya boksi, inanukia dukani: Celeron, RAM 4, hifadhi ya gigabaiti 64 iliyochomelewa kwenye bodi. Haiongezeki, na Windows yenyewe ikishakaa humo, nafasi inayobaki ni ya kuombeana. Ya pili ni kuukuu: EliteBook, Latitude au ThinkPad, mfuniko umekwaruzika, herufi A kwenye kibodi imefutika. Lakini hiyo iliundwa kwa ajili ya ofisi, bawaba zake ni za chuma, na unaweza kuifungua ukaongeza RAM na kubadilisha diski. Tumebishana sana juu ya hili, kwenye vibaraza na ndani ya Hiace, na walio wengi kati yetu wanasema chukua ya ofisini. Ya boksi itaanza kukwama kabla mtoto hajamaliza mwaka wa kwanza. Wanaosema chukua mpya wana hoja moja tu, na ni hoja nzito: ile ina warantii na risiti, hii ina maneno.

Na maneno yenyewe ni ya kusimuliana. Kwamba imetoka Dubai. Hilo huenda ni kweli. Kampuni za Ulaya na Marekani hukodi kompyuta kwa miaka mitatu au minne, mkataba ukiisha hubadilisha zote kwa mpigo, wafanyabiashara wakazinunua kwa mamia, nyingine zikapitia Dubai na Sharjah kuchambuliwa kwa gredi, kisha kontena, kisha Kariakoo, kisha basi hadi kwetu, zaidi ya kilomita 1,400. Kwamba ni Gredi A. Hiyo gredi mara nyingi inahusu mikwaruzo ya nje. Ndani ni habari nyingine. Kwamba imefanyiwa ukarabati. Hapa ndipo tunapouliza: ukarabati gani? Kuna mashine iliyofunguliwa, ikapulizwa vumbi, ikawekewa pesti mpya kwenye prosesa, diski ikapimwa, betri ikabadilishwa. Na kuna iliyofutwa kwa kitambaa chenye spiriti. Zote mbili zinaitwa jina moja na zinakaa rafu moja kwa bei moja.

Sasa twende kwenye chaji. Umeme wa Kagera kwa miaka mingi umetoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka, na ukikatika haumuulizi mtu alikuwa anaandika nini. Kwa hiyo sisi betri hatuihesabu kuwa nyongeza. Betri ndiyo laptopu. Ndani ya Windows kuna amri fupi, powercfg /batteryreport, inayotoa ukurasa wenye namba mbili: betri ilitoka kiwandani ikibeba kiasi gani, na leo ikijazwa inabeba kiasi gani. Ya kwanza ikiwa 46,000 na ya pili 17,000, unajua umeuziwa kompyuta ya mezani yenye mfuniko. Ukimwomba muuzaji aiandike amri hiyo mbele yako, anaweza kukuambia mashine haina chaji kwa sasa, subiri. Inakaa na chaji, ila kwa sasa haina! Ukisisitiza sana, anakuambia betri mpya ipo, orijino, anakuwekea. Orijino ya laptopu ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani imetoka shamba gani?

Kuna na hili la Windows, ambalo limetukuta bila taarifa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, maana yake viraka vya usalama vya bure kwa wote vilikoma. Windows 11 nayo ina masharti: kwa upande wa Intel, kwa kawaida inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya na Marekani zikasoma masharti hayo na kuanza kuzitoa mashine zao za kizazi cha sita na cha saba, nzima kabisa, hazina ugonjwa wowote. Kwa hiyo bei ikishuka usishangilie peke yako. Uliza kwa nini imeshuka. Dukani utaikuta EliteBook 840 G3, ya kizazi cha sita, ina Windows 11 inayong'aa. Imeingizwaje? Kwa kuruka ukaguzi. Inafanya kazi, hatusemi haifanyi, lakini imeingia kwa mlango wa nyuma, na siku sasisho kubwa linalofuata likigoma, muuzaji atakuwa amehamia kwenye kuuza spika. Mwenye kutaka utulivu atafute G5, au aweke Linux kama Ubuntu, ambayo ni bure na haijali umri sana. Vijana wanatushauri hivyo. Tatizo letu na Linux ni dogo tu: ukipeleka faili lako steshenari kuchapa, jedwali limehama, na fundi anakutazama kama umemletea ng'ombe akutengenezee.

Wapenda tofaa nao tusiwasahau, maana Bukoba wapo. MacBook Air ya 2017, tofaa linawaka mgongoni, harusini inapendeza. Mfumo wake uliishia Monterey, uliotoka 2021. Tofaa litaendelea kuwaka.

Linalouma kuliko yote ni makufuli. Unanunua, unafika nyumbani Rubya, unaunganisha intaneti, na mashine inakuambia kwamba ni mali ya shule fulani ya Marekani, ingiza paswedi ya msimamizi. Chromebook za wanafunzi ndizo zilizozoea mchezo huo, na iPad ambayo mwenyewe hakuiondoa kwenye akaunti yake haitofautiani na sinia. Laptopu nyingine zimefungwa chini kabisa, kabla hata Windows haijaamka, na kufuta diski hakusaidii kitu. Kufuli halikuonekana dukani kwa sababu hakukuwa na intaneti. Tunasikia hiyo mara nyingi: intaneti leo inasumbua, bosi.

Unarudi. Ukutani pameandikwa kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Hapo wengi wetu tunanywea, kumbe nchi ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inayosema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, naye akautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi kinachostahili. Kwa hiyo sema kwa sauti, mbele ya watu: "Namnunulia mtoto wa chuo." Na dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine. Risiti ya mkono iliyoandikwa "laptop moja" haitakufikisha popote.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuvuka Mutukula ukanunue Kampala, maduka ni mengi na ushindani ni mkali. Kweli. Cha kuchekesha ni kwamba Uganda hiyohiyo katika bajeti ya 2009 ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Leo zipo tele. Lakini ikizima baada ya wiki mbili, kutoka Bukoba hadi Kampala ni karibu kilomita 300 na mpaka katikati, na uende ukamkute kijana aliyekuuzia palepale ulipomwacha. Nairobi wana mfano mzuri zaidi: tangu 2002 Computers for Schools Kenya inapokea kompyuta zilizotumika, inazipima na kuzikarabati, ndipo inazipeleka shuleni. Kwetu mpimaji ni mnunuzi, naye ameshika fedha mkono mmoja na mkungu wa ndizi mkono mwingine.

"Basi nunua kishikwambi," wanatuambia. Kishikwambi kipya cha bei poa kimeandikwa kwenye boksi RAM 12 na hifadhi 512, kwa fedha isiyonunua hata mbuzi mzuri. Namba hizo zimo kwenye boksi tu. Na kuandika barua ya maombi ya kurasa tatu kwa kidole ni adhabu. Ajabu ni kwamba vifaa vilivyotumika ambavyo historia yake tunaijua sote ni vile vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022, vilivyotoka kwa makarani vikagawiwa walimu: mwaka unajulikana, kazi iliyofanywa inajulikana, mwenye mali anajulikana. Ndiyo maana ukiletewa kimoja mtaani kwa bei ya kunong'ona, ondoka. Hicho ni cha umma.

Wataalamu wanaweza kutuambia kuna mikataba ya kimataifa inayotulinda. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka za kielektroniki zote zisivuke mpaka bila nchi zinazozipokea kuridhia. Vizuri. Lakini laptopu inayowaka si taka, ni bidhaa. Inawaka bandarini, inawaka Kariakoo, inawaka kaunta ya Bukoba. Inageuka taka ikishafika Muleba, tukiwa tumeshailipia, na hakuna mkataba unaokuja kuichukua huko.

Tunachodai si kikubwa. Hatudai mashine mpya, hatudai bei ya bure. Karatasi moja tu, kwa kila mashine: kizazi cha prosesa, namba mbili za betri, afya ya diski, kama inakubali Windows 11 kwa mlango wa mbele, na kwamba imeunganishwa na intaneti ikafunguka bila kuuliza ya nani. Muuzaji asaini chini. Kazi ya nusu saa.

Na yupo kijana mmoja pale mjini anayefanya hivyo, kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, hadi aya ya "kasoro: spika ya kushoto". Anataka elfu hamsini zaidi ya jirani yake. Tumemwambia, "Waitu, punguza." Kakataa, anasema hizo ndizo fedha za kupima. Juzi tulifika elfu thelathini na tano, Jumamosi tunarudi.