India angani: si mchezo wa matajiri

Tarehe 23 Agosti 2023, chombo cha India Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Wengi waliuliza: inchi yenye maskini wengi hivi inatafuta nini kule juu?

Jibu liko katika jimbo la Odisha. Mwaka 1999, kimbunga kiliua huko watu karibu 10.000. Mwaka 2013, kimbunga Phailin kilipokaribia, satelaiti zilifuata mwendo wake, na serikali ikahamisha wakaaji karibu milioni moja mapema. Waliokufa walikuwa makumi tu.

Satelaiti peke yake haiokoe mtu. Lazima viongozi wasikilize. Lakini maskini ndiye wa kwanza kuhitaji onyo, kwani nyumba yake ndiyo ya kwanza kubebwa na maji.