Vitabu vya watoto vionyeshe choo cha shimo



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwahimiza wazazi wetu, kwa redio na vijitabu, kuchimba vyoo. Watoto wadogo je? Wengi hudhani kinyesi chao hakina madhara, kumbe hueneza minyoo na kuhara.

Mwanangu wa miaka miwili na nusu aliogopa tundu la choo, akawa anakimbilia migombani. Kitabu cha picha nilichonunua mjini kina choo cha kukalia. Alidhani ni kiti! Nikamchorea daftarini poti, choo chetu cha makuti, na kopo la kunawia na sabuni. Tukalisoma kila jioni. Sasa huita mwenyewe.

Wachapaji wa vitabu, tuchoreeni vyoo vya vijijini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.