Mambo ya Nyumbani, sehemu ya 6: Sikukuu isikae kichwani mwa mama peke yake

Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, mama wa watoto wawili, na Jumapili nikipata nafasi huwa naandika hapa mambo ya nyumbani.

Mmoja wenu aliniuliza swali ambalo limekaa na mimi wiki nzima: "Nesi, wewe na zamu zako unawezaje kuwa na vitu vyenu vya familia kila mwaka? Mimi kila nikianzisha, vinakufa." Leo najibu, na najua jibu langu halitamfurahisha kila mtu.

Nianze na aibu yangu.

Mwaka 2019 nilipangiwa zamu ya usiku tarehe 24 Desemba. Baba watoto alikuwa safarini kikazi. Kichwani nilikuwa nimeshapanga kila kitu: nitoke saa mbili asubuhi, nipitie sokoni, nipike pilau, niwavalishe watoto nguo mpya, tuwahi ibada ya pili. Sikumwambia mtu. Nimwambie nani wakati hiyo ni kazi ya mama?

Usiku ule wodi ilifurika. Nilitoka saa nne, nikafika nyumbani, nikakaa kwenye kochi nivue viatu. Nilipofumbua macho ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Watoto walikuwa wamekula wali wa jana na maharage. Dada anayenisaidia alichojua ni kwamba mama kachoka, asiamshwe. Nguo mpya zilikuwa bado kwenye mfuko juu ya kabati. Binti yangu, wakati huo ana miaka 6, alikuwa amekaa mlangoni anawaangalia watoto wa jirani wakipita na viatu vyao vinavyong'aa. Akageuka, akaniuliza:

"Mama, kwetu Krismasi ni kesho?"

Jamani! Hakulalamika, hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi.

Nikamwambia, "Ndiyo mwanangu. Kwetu ni kesho."

Na kesho yake tukaila. Tarehe 26, pilau, nguo mpya, soda, kila kitu. Baba yao aliporudi akasema nimemdanganya mtoto, tukabishana kweli kweli. Mimi msimamo wangu ni ule ule hadi leo: sikumdanganya. Tarehe 25 ni ya watu wote na mtoto anaijua. Lakini mama yake ni nesi, na kuna miaka sisi tutaila siku nyingine. Huo ndio ukweli wa nyumba yetu. Siku hizi ratiba ya Desemba ikibandikwa naipiga picha, naileta nyumbani, watoto wenyewe wanachagua siku na kuizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda. Hakuna anayeuliza mlangoni tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza: siku inaweza kusogea, ilimradi jambo lenyewe lifanyike. Polisi, madereva, walinzi, wauza duka, tuko wengi ambao sikukuu inatukuta kazini. Tusijihukumu kwa kalenda.

Lakini nilipokaa nikafikiri vizuri, niligundua kilichoharibu siku ile siyo zamu. Krismasi nzima ilikuwa kichwani mwangu. Nilipolala, na yenyewe ikalala.

Hili naliona wodini kila mara. Mama katoka kwenye upasuaji, dripu bado iko mkononi, anaomba simu aelekeze nyumbani binzari iko kopo gani. Mkesha wa Idi au wa Krismasi ndio usiseme. Mtu kashonwa jana, anataka aruhusiwe leo, na wala hajapona: "Nesi, nisipokuwepo watoto hawatakula sikukuu." Watu wanawasifu sana akina mama wa namna hii. Mimi zamani niliwasifu, sasa hivi nimeacha. Nyumba ambayo sikukuu yake inamtegemea mtu mmoja mwenye kidonda haijawa na desturi bado. Ina mfanyakazi mmoja tu ambaye hapati likizo.

Desturi utaijua ni desturi siku ambayo wewe haupo na bado ikafanyika.

Yangu ilipimwa Januari 2022, nilipolazwa kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Kwetu, Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, tunapimana urefu. Sisi ni wapangaji, tumeshahama nyumba mbili, kwa hiyo hatupimi kwenye fremu ya mlango halafu tukamwachia mwenye nyumba apake rangi. Tuna ubao mmoja mrefu tulionunua kwa fundi seremala, unahama na sisi. Kila mtu anapimwa, dada yumo, na baba yao yumo pia ingawa hajaongezeka hata nukta tangu 2020. Aliyerefuka zaidi anachagua chakula cha usiku.

Jumapili ile niko kitandani wodini, upande wa wagonjwa safari hii, ikaingia picha kwenye simu. Ubao. Mistari mipya yote ipo na tarehe yake. Pembeni, kwenye nafasi yangu, binti yangu kaandika: "Mama akirudi."

Nililia, nesi mwenzangu akadhani kidonda kinauma.

Niliporudi nikapimwa nikiwa nimeinama kidogo, maana kunyooka ilikuwa haiwezekani. Basi mstari wangu wa 2022 uko chini ya wa 2021, na watoto wanaucheka hadi kesho.

Sasa, mwaka mzima kwetu tuna vitu vinne tu. Ubao wa Januari ni kimoja, na Krismasi ya kalamu nyekundu ni cha pili.

Cha tatu ni siku ya vyandarua, kabla masika haijaanza kumwaga. Tunavishusha vyote, tunafua kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arisha, tunaanika kivulini kwa sababu jua kali linapunguza nguvu ya dawa iliyomo. Vikikauka, kila mtoto anapewa sindano na uzi atafute matundu. Anayepata tundu kubwa anajisifu siku nzima. Mahindi ya kuchoma yanafuata. Nadhani mnajua kwa nini nesi kachagua hiyo: mvua ikishanyesha, mbu hawatusubiri.

Cha nne kilianzia kliniki. Juni na Desemba watoto wa chini ya miaka 5 hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Wangu walipokuwa wadogo, tukitoka tu tunapitia kwa muuza matunda: Juni machungwa, Desemba maembe. Sasa wote wamevuka umri huo, lakini matunda yamebaki, na wanamsindikiza mtoto wa jirani kwenda kupewa matone. Watoto waliomea na machungwa ya kliniki hawamkimbii mtu mwenye koti jeupe. Mtoto wako anamkimbia? Jaribu hii.

Basi, hivyo vinne. Mwaka mwingine tunaongeza kimoja, mwaka mwingine hatuongezi. Ukiangalia mitandaoni Desemba utadhani familia ni pijama za kufanana na mti wa taa. Ukiwa nazo, vaa, hupendezi? Ila mtoto hajali bei. Anataka kujua kitu fulani kitarudi, na yeye ana sehemu yake ndani yake.

Kwa aliyeniuliza, na kwa wenye swali kama lake, ningeanza hivi:

Anza na kimoja, na kiwe kidogo kiasi kwamba unaweza kukifanya siku umechoka kabisa na mfukoni una elfu mbili. Ukianza na vitano, hata Pasaka havifiki.

Kisha kigawe. Mtoto wa miaka 4 anaweza kushika kalamu au kuhesabu machungwa. Baba naye apewe kipande chake asimamie mwenyewe, na akikifanya vibaya mwache. Pilau yangu ya mwaka juzi aliipika baba yao, ikaungua chini, ndiyo inayokumbukwa kuliko zote.

Halafu kiseme kwa sauti. Usibaki unajua peke yako kwamba "huwa tunafanya." Mimi napenda neno "kwetu": kwetu huwa tunapima urefu, kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mtoto akilishika hilo neno, atakukumbusha mwenyewe. Na ikitokea mwaka mmoja mmekosa, mwaka unaofuata endeleeni kama kawaida bila kesi.

Leo usiku kabla hawajalala, waulize wanao: "Kwetu huwa tunafanya nini?" Usiwasaidie kujibu. Pengine watataja kitu ambacho wewe hukukihesabu kabisa, labda chai ya Jumapili au wimbo mnaoimba umeme ukikatika. Hicho ndicho mnacho tayari. Anzia hapo.

Mimi naingia zamu saa mbili usiku. Ya kesho wameshaambiwa, najua nikilala yatafanyika.

Jumapili ijayo, ratiba ikiruhusu, tutaongea kuhusu mtoto anayeanza darasa la kwanza. Usiku mwema, mama zangu.